Javac inakubali, java inakataa: folda za msimbo zipangwe vipi?

Swali

Habari za kazi, mwalimu. Niko Mombasa, najifunza Java mwenyewe, na nimeandika programu ndogo ya kutolea risiti katika duka la vifaa vya ujenzi la ami yangu. Mwanzo faili zote zilikaa folda moja. Nilikuwa naandika `javac *.java`, kisha `java Mauzo`, na kazi inakwenda. Zilipokuwa nyingi nikazigawa kwenye folda na kuweka mstari wa `package` juu ya kila faili. Tangu hapo sina raha. Nikiwa ndani ya folda ya `duka`, amri ya `javac Mauzo.java` inalalamika: `package duka.kodi does not exist`. Nikazitaja faili zote moja moja, ikakubali bila neno. Lakini `java Mauzo` inaniambia `Could not find or load main class Mauzo`, na chini yake kuna maneno `wrong name`.

Jambo la pili lilianza hata kabla sijagawa folda. Nilijaribu kubadilisha VAT kutoka asilimia 16 kuwa 14 ndani ya `Viwango.java`, nikaikompaili faili hiyo upya, risiti zikaendelea kukata 16 vilevile. Mimi natumia JDK 21 (zana za kutengenezea programu za Java) kwenye laptopu yangu ya Windows. Kompyuta ya dukani nayo ni Windows ya zamani yenye Java 8, haibebi zile programu kubwa za kuandikia msimbo. Na je, ni kweli kwamba siku hizi `javac` haihitajiki tena?

Jibu

Ndugu yangu, msimbo wako hauna kasoro. Tatizo ni pale unaposimama unapotoa amri.

`javac` na `java` zinafanana kwa majina tu. `javac`, yaani kompaila inayogeuza msimbo wako kuwa faili za `.class`, hupewa njia ya faili: faili iko wapi kwenye diski, basi. `java`, inayoendesha faili hizo, hupewa jina la klasi, tena jina kamili. Ulipoandika `package duka;` juu ya `Mauzo.java`, klasi ile iliacha kuitwa `Mauzo`. Sasa inaitwa `duka.Mauzo`, na kwa jina hilo ndiyo itaitika.

Tazama `java` inavyoitafuta. Inachukua jina `duka.Mauzo`, inageuza nukta kuwa mkwaju, inaongeza `.class` mwishoni, inapata `duka/Mauzo.class`. Kisha inaitafuta njia hiyo ikianzia kila mahali palipotajwa kwenye njia ya klasi, yaani kile unachokiandika baada ya `-cp`. Usipoandika chochote, na kama hakuna mtu aliyeweka kigezo cha `CLASSPATH` kwenye mashine hiyo, mwanzo wa kutafutia ni folda uliyosimama.

Wewe ulikuwa umesimama ndani ya `src/duka`. Kama ungeandika `java duka.Mauzo` ukiwa hapo, ingetafuta `src/duka/duka/Mauzo.class`, kitu ambacho hakipo. Ulipoandika `java Mauzo` ilikuta faili ya `Mauzo.class` kweli, ikaifungua, ikasoma ndani yake jina `duka/Mauzo`, ikaona halilingani na lile uliloliita. Ndiyo maana ya `wrong name`. Faili imeonekana, ila si yule aliyeitwa. Watu wengi huusoma mstari wa kwanza tu wa kosa hili wakaanza kusakinisha Java upya, na jibu lenyewe limeandikwa mstari wa pili.

Na `javac` ilikubali kwa nini? Kwa sababu faili ukiitaja mwenyewe kwa njia yake, haijali imekaa folda gani. Weka faili yenye `package duka;` ndani ya folda ya picha za harusi, itaje, itakompailiwa. Ukali wake huanza pale inapolazimika kutafuta klasi ambayo hukuitaja. Hapo inafuata kanuni ileile ya nukta kuwa mkwaju. `Mauzo.java` ina mstari wa `import duka.kodi.Viwango;`, nawe umesimama ndani ya `duka`, basi ikatafuta `duka/kodi/` ndani ya `duka`, haikuona, ikasema pakeji haipo. Makosa yako yote mawili yana mzizi mmoja: umeingia ndani ya pakeji badala ya kubaki nje yake.

Sasa mpangilio. Ningeuweka mradi wako hivi:

```
C:\miradi\duka-risiti
    src
        duka
            Mauzo.java
            kodi
                Viwango.java
            risiti
                Risiti.java
    lib
    bin
```

`src` ina msimbo unaoandikwa na binadamu. `bin` ina kile kilichotemwa na kompaila, na hakuna cha kuthamini ndani yake: unaweza kuifuta usiku na mchana. `lib` ni ya faili za jar (furushi la klasi nyingi ndani ya faili moja) ulizopata kwa watu wengine. Kama unatumia Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), `bin` usiiweke humo. Na amri zako zote zitolewe ukiwa `duka-risiti`, hapo juu kabisa. Usishuke.

Majina ya pakeji yawe herufi ndogo tupu. Windows haitofautishi `Kodi` na `kodi` kwenye majina ya folda, lakini Linux inatofautisha, na Java yenyewe inatofautisha popote pale. Mradi unaokwenda vizuri kwenye laptopu yako unaweza kugoma siku unapouhamishia seva ya Linux kwa sababu ya K moja tu. Kistari hakikubaliki kwenye jina la pakeji. Jina la folda ya mradi, kama `duka-risiti`, halina neno, kwa sababu lenyewe si sehemu ya pakeji. Na usiache klasi yoyote bila `package`: klasi ya namna hiyo haiwezi kuitwa kwa `import` na klasi iliyo ndani ya pakeji.

Amri ya kukompaili ni hii:

```
javac -d bin -sourcepath src src/duka/Mauzo.java
```

Na ya kuendesha:

```
java -cp bin duka.Mauzo
```

`-d bin` inaiambia kompaila iweke matokeo ndani ya `bin`, na yenyewe itaunda `bin/duka`, `bin/duka/kodi` na nyinginezo kufuata pakeji. Usizitengeneze kwa mkono. Kwenye JDK 21 hata `bin` ikiwa haipo itaundwa, ila `javac` ya Java 8 ilitaka iikute tayari. `-sourcepath src` inaonyesha mti wa pakeji unaanzia wapi. Angalia kwamba ni `src`, si `src/duka`.

Amri hiyo ina ujanja wake. Umetaja `Mauzo.java` peke yake, na kompaila inafuata kila `import` na kila jina linalotumika, inakompaili inachokikuta njiani. Kisichoguswa na mtu hakikompailiwi. Mara nyingi hilo halina madhara, lakini klasi inayotafutwa kwa jina lake wakati programu inakwenda, kwa `Class.forName`, itaachwa nyuma, nawe utagundua mteja akiwa kaunta. Kwa sababu hiyo mimi napendelea kuzitaja faili zote, na si lazima kuzichapa. Kwenye Linux au Mac:

```
find src -name "*.java" > vyanzo.txt
javac -d bin @vyanzo.txt
```

Alama ya `@` inamaanisha kwamba majina yasomwe kutoka faili hiyo. Kwenye Windows yako, ndani ya `cmd`:

```
dir /s /b src\*.java > vyanzo.txt
javac -d bin @vyanzo.txt
```

Nimesema `cmd` kwa makusudi. Ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, `dir` ni kitu kingine na haizielewi hizo `/s /b`. Tena PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows yenyewe, ukitumia `>` inaandika faili kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-16, na `javac` ikiisoma inaona takataka. Mtego mwingine: `dir /s /b` hutoa njia nzima kuanzia `C:\`. Kama mradi umekaa ndani ya folda yenye nafasi kwenye jina, mfano folda ya mtumiaji yenye majina yako mawili, kompaila itaikata njia katikati na kudhani ni faili mbili. Ndiyo sababu nimeuweka mradi `C:\miradi`.

Ukiwa na jar ndani ya `lib`, itaje wakati wa kukompaili na wakati wa kuendesha pia. Wengi husahau mara ya pili:

```
javac -cp "lib/*" -d bin @vyanzo.txt
java -cp "bin;lib/*" duka.Mauzo
```

Kinyota hapo kinachukua jar zote za folda hiyo, lakini hakichukui faili za `.class` wala hakiingii folda za ndani. Alama za nukuu ziwepo, la sivyo kwenye Linux terminali itakitafsiri kinyota kabla Java haijakiona. Kitenganishi ni nuktamkato kwenye Windows na nukta mbili kwenye Linux na Mac. Na kumbuka: ukishaandika `-cp`, folda uliyosimama haihesabiwi tena mpaka uitaje kwa nukta.

Tuje kwenye VAT, maana hapa ndipo pana uhondo.

Bila shaka ndani ya `Viwango.java` una kitu cha namna hii:

```java
public static final double VAT = 0.16;
```

na ndani ya `Risiti.java`:

```java
double kodi = bei * Viwango.VAT;
```

Ukisoma msimbo huo unadhani risiti, kila inapotolewa, inakwenda kuuliza `Viwango` kiwango ni ngapi. Haiulizi. Thamani ya `static final` ikiwa ni namba ya kawaida au maneno, na ikiwa inajulikana tangu wakati wa kukompaili, Java huihesabu kuwa thamani ya kudumu, na kompaila huinakili moja kwa moja ndani ya kila klasi inayoitumia. `Risiti.class` yako imebeba 0.16 ndani yake. Ulipobadilisha `Viwango.java` na kuikompaili peke yake, `Viwango.class` ilipata 0.14 mpya na `Risiti.class` ikabaki na nakala ya zamani. Unaweza kuiona kwa macho kwa `javap`, inayoonyesha kilichomo ndani ya faili ya `.class`:

```
javap -c -cp bin duka.risiti.Risiti
```

Kati ya mistari itakayotoka utakuta mmoja wa `ldc2_w` ukiishia na `double 0.16d`. Hiyo ndiyo namba iliyogandishwa humo.

Wala usidhani `javac` ingeligundua hilo yenyewe. Inapokuwa na chanzo na klasi ya jina moja, hulinganisha tarehe na kuchukua kilicho kipya zaidi. `Risiti.java` haikuguswa, kwa hiyo kwa hesabu hiyo `Risiti.class` bado ni halali. `javac` haiweki kumbukumbu ya nani amenakili thamani ya nani.

Kwa Kenya si jambo la kufikirika tu. VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Mtu aliyekuwa na programu kama yako alilazimika kuigusa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara angeweza kutuma `Viwango.class` peke yake kwa barua pepe akiamini kazi imekwisha.

Dawa ya haraka ni kufuta `bin` na kukompaili yote. Programu ya ukubwa wako inakompailiwa kwa sekunde chache, hakuna sababu ya kubana. Dawa ya kudumu ni kuacha kuiweka kodi kwenye `double`. Pesa na `double` hazipatani: jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 uone unachopata. Tumia `BigDecimal`, aina ya Java inayotunza desimali kama ulivyoiandika:

```java
public static final BigDecimal VAT = new BigDecimal("0.16");
```

Utakuwa umetatua mawili kwa mpigo. Hesabu za senti zitakuwa sahihi, na kwa kuwa `new BigDecimal(...)` si thamani inayojulikana wakati wa kukompaili, hainakiliwi: `Risiti` italazimika kwenda kuuliza `Viwango` kweli. Bora zaidi, kiwango kikae kwenye faili ya mipangilio inayosomwa programu inapoanza, ili siku serikali ikibadilisha tena ami yako afungue faili hiyo kwa Notepad bila kukusubiri.

Kuhusu kompyuta ya dukani. Ukiipelekea klasi zilizokompailiwa kwa JDK 21 bila tahadhari utapata `UnsupportedClassVersionError`, na ndani yake namba mbili: 65.0 na 52.0. Ya kwanza ni ya Java 21, ya pili ni ya Java 8. Njia sahihi ni `--release 8`. Utaona watu wakipendekeza `-source 8 -target 8`. Usiwafuate, kwa sababu hizo zinabana lugha na umbo la faili lakini haziangalii maktaba. Ukitumia `isBlank()` ya `String`, ambayo ilikuja na Java 11, zitaipitisha, na dukani programu itaanguka kwa `NoSuchMethodError`. `--release 8` itakukatalia hapohapo kwenye laptopu. JDK 21 itakuonya kwamba 8 imepitwa na wakati. Onyo hilo ni la kweli, lakini kwa sasa inakompaili.

Ongeza pia `-encoding UTF-8`. Kuanzia JDK 18, Java inachukulia faili kuwa za UTF-8 kwenye kila mfumo isipoambiwa vingine, kwa hiyo laptopu yako iko salama. Ila siku utakapokompaili kwa JDK ya nyuma kwenye Windows utaona jambo la ajabu. Kiswahili hakina herufi zenye alama, ndiyo maana hatujali usimbaji, mpaka unakili "rangi ya kung’aa" kutoka simu, na ile ritifaa ni ya kupinda. Risiti itachapa `kungâ€™aa`.

Yote haya ya kukompaili yaweke kwenye faili moja, `jenga.bat`, hapo juu ya mradi:

```
@echo off
if exist bin rmdir /s /q bin
dir /s /b src\*.java > vyanzo.txt
javac -encoding UTF-8 --release 8 -cp "lib/*" -d bin @vyanzo.txt
```

Kisha funga kila kitu kwenye jar moja ya kupeleka dukani:

```
jar --create --file duka.jar --main-class duka.Mauzo -C bin .
```

Hiyo nukta ya mwisho si kosa la uchapaji. `-C bin .` maana yake ni kuingia `bin` na kuchukua vyote, ili ndani ya jar njia zianze na `duka/`. Ukiandika `bin` tu badala yake, zitaanza na `bin/duka/` na utarudi kwenye lile kosa la `Could not find or load main class`. Dukani itaendeshwa kwa `java -jar duka.jar`. Jihadhari na hili: ukitumia `-jar`, Java inapuuza `-cp` kabisa. Kama una jar nyingine ndani ya `lib`, ni rahisi kuacha `-jar` na kuandika `java -cp "duka.jar;lib/*" duka.Mauzo` ndani ya faili nyingine ya `.bat`, uiweke kwenye eneo-kazi la ami yako aibofye.

Wako watakaokwambia uhamie Maven au Gradle leo, zile programu za kujenga miradi ya Java. Sina ugomvi nazo, natumia Maven kazini kila siku, na ukihamia utakuta msimbo unakaa `src/main/java`, majaribio `src/test/java`, na ndani ya hizo mti wa pakeji ni uleule ulioupanga hapa. Ila Maven ikiendeshwa mara ya kwanza hushusha vitu vingi kutoka intaneti, bando litalia, na wewe bado una faili chache na jar moja au mbili. Subiri mpaka uwe na majaribio ya kuendesha au maktaba zinazotegemea maktaba nyingine.

Na lile la kwamba `javac` haihitajiki tena, ni kweli kwa kipimo. Tangu Java 11, ya mwaka 2018, unaweza kuandika `java Jaribio.java` na faili moja ikakompailiwa kwenye kumbukumbu na kuendeshwa papo hapo bila kuacha `.class` popote. Java 22, ya Machi 2024, ikaongeza uwezo wa kufuata faili nyingine za mradi, ilimradi ziwe zimepangwa kufuata pakeji. Kwa JDK 21 uliyonayo ni faili moja tu, kwa hiyo `java src/duka/Mauzo.java` itakwama kwenye `import` ya kwanza. Kwa kujaribu wazo dogo jioni, ni nzuri. Dukani kwenye Java 8 haipo kabisa, huko peleka jar.